Mikono, Mwelekezaji wa Kreni

Ukimuuliza Mikono anafanya kazi gani, alikuwa akikujibu kwa neno moja: naelekeza. Kisha ananyamaza, maana kwake maelezo yamekwisha. Neno hilo lilimletea shida tangu siku alipokwenda kujitambulisha ukweni. Baba mkwe wake, mtu wa maswali, alitaka kujua anaelekeza nini. Akasema vyuma. Mzee akamgeukia binti yake kwa macho ya mtu anayejiuliza kama bidhaa aliyouziwa inaweza kurudishwa dukani.

"Vyuma," mzee akasema. "Vinaelekezwa viende wapi?"

"Juu, baba. Na vingine vinashuka."

Kikao kiliokolewa na shangazi mmoja aliyesema kwamba almradi kijana ana mshahara, hata kama anaelekeza kuku waingie bandani, si neno. Watu wakacheka, chai ikaletwa, na Mikono akapewa mke bila mtu yeyote mle ndani kuelewa anachofanya kutwa nzima.

Kazi yenyewe ni hii. Kwenye ujenzi wa maghorofa kuna kreni, na juu kabisa ya kreni kuna kibanda, na ndani ya kibanda amekaa dereva. Dereva huyo haoni vizuri anapotua mzigo. Akiwa kule juu, watu wa chini ni vichwa tu, na kilicho nyuma ya ukuta hakioni kabisa. Ndiyo maana chini husimama mtu mmoja mwenye glavu na kizibao cha kung'aa, akimwambia kwa mikono: pandisha, shusha, peleka kulia, taratibu, shikilia hapo hapo. Redio za kuongelea zipo, lakini mashine za zege zikishaanza kunguruma, redio inabaki kukoroma tu. Dereva wa kreni yao walimwita Kunguru, kwa sababu ya kukaa juu na kuchungulia mambo ya kila mtu, na Kunguru huyo hakumtii injinia, wala msimamizi, wala mwenye jengo. Alimtii Mikono. Injinia angeweza kupiga kelele mpaka mishipa ya shingo imtoke, lakini kama mikono ya Mikono haijasogea, chuma hakisogei.

Usidhani basi kwamba alikuwa mkubwa. Pale saiti kila mtu alilitumia neno kuelekeza kwa faida yake. Ofisi "ilielekeza" wafanyakazi wote wavae helmeti, na hapo maana yake ni amri, ila ni amri iliyooga na kupaka mafuta; usipoifuata ndipo utaiona sura yake yenyewe. Fundi mkuu akimwambia kibarua mpya "njoo nikuelekeze", kibarua alikimbilia akidhani anakwenda kufundishwa, kumbe fundi ametafuta tu mtu wa kumbebea matofali huku yeye amekaa. Wapita njia nao walimkuta Mikono getini na kizibao chake, wakamuuliza benki iko wapi. Aliwaelekeza kwa ishara zilezile za kreni, mkono mzima ukizunguka hewani, na mama wa watu akaondoka huku akigeuka nyuma kuhakikisha hafuatwi.

Yeye mwenyewe alielekezwa na kaka yake. Wazazi wao walikufa Mikono akiwa hajui hata kufunga viatu, na kaka akaacha shule, akaingia kwenye vibarua vya ujenzi, akamlea. Kaka alikuwa mwelekezaji wa kreni kabla yake, na alipoona mdogo wake hana akili ya vitabu akaamua kumpa ya mikono. Alifunga ndoo ya maji kwenye kamba, akaipitisha kamba juu ya boriti ya baraza, akashika ncha yake akiwa amegeukia ukutani, na mbele yake ametundika kioo cha kunyolea ndevu. Kwenye kioo aliona mikono ya mdogo wake na hakuona kitu kingine. Mikono alitakiwa aitue ndoo juu ya kigoda bila kumwaga. Akikosea ishara, ndoo inammwagikia. Alioga sana mwezi ule.

"Nilitaka uishushe polepole," alilalamika siku moja, maji yakimchuruzika.

"Ulichotaka sikioni," kaka akasema. "Naona mkono umesema nini."

Hayo ndiyo yalikuwa mafunzo yake yote, na hakuwahi kupata mengine. Kila alichokuwa nacho, mshahara, mke, nyumba ya vyumba viwili na jina analoitwa, kilitoka kwenye baraza lile. Alilijua hilo, na alimpenda kaka yake kwa namna ya mtu ambaye hawezi hata kujaribu kulipa.

Kisha kaka akapatwa na kiharusi. Alianguka bafuni akijiandaa kwenda kazini, na alipozinduka upande wa kulia ulikuwa umekufa na maneno yamekwenda. Lilibaki neno moja tu, haya. Alilitumia kwa njaa, kwa maumivu, kwa salamu na kwa matusi. Kichwa nacho kilichanganyikiwa. Alitikisa pale alipotaka kukubali, akainamisha pale alipotaka kukataa, kisha akajikasirikia mwenyewe. Mkewe alikaa siku kadhaa akibahatisha. Alileta maji, kumbe mtu anataka mto. Alileta mto, kumbe anataka dirisha lifungwe.

Mikono alipokwenda kumtazama, kaka aliinua mkono wa kushoto, kidole cha shahada juu, akakizungusha. Mikono hakuwaza. Alimshika chini ya mabega akampandisha juu ya mto, na kaka akatulia. Halafu kiganja kikajifumba, na Mikono akaacha hapo hapo. Mke wa kaka alisimama mlangoni na bakuli la uji, akawatazama.

"Mimi huo mkono siuelewi, shemeji," alisema. "Lugha yake unayo wewe."

Tangu siku hiyo Mikono akawa mkalimani wa nyumba ile. Akitoka kazini anapitia kwa kaka, anaambiwa mambo ya kutwa nzima, anayapeleka jikoni. Alifurahi, na hakuona aibu kwamba anafurahi. Mtu aliyemfundisha kusema kwa mikono sasa alikuwa hana njia nyingine ya kusema, na ulimwenguni kote mtu wa kumsikia alikuwa mmoja. Angalau hivyo ndivyo alivyojua yeye.

Kaka alikuwa na kisukari pia, na kisukari hakina subira. Kidonda kidogo cha kwenye kidole cha mguu kikawa kikubwa, kidole kikageuka rangi, na rangi ikaanza kupanda. Wakampeleka hospitali. Daktari wa upasuaji, mwanamke aliyening'iniza miwani shingoni kwa kamba, aliwaambia bila kuzunguka kwamba mguu ukatwe juu ya goti, na ukatwe kesho, la sivyo sumu itaingia kwenye damu na hapo hatakuwa na la kufanya. Akaongeza kwamba hatapeleka kisu kwa mtu mwenye akili zake bila ridhaa yake. Mgonjwa anasikia, anaelewa, mguu ni wake. Mke aridhie, ndugu waridhie, yeye anataka jibu la mwenye mguu.

Shemeji akampigia Mikono simu saiti.

"Njoo, shemeji. Wanataka ajibu, na mimi mkono wake siuelewi. Ukifika usiingie mlango mkubwa, watakuzungusha. Pita nyuma ya duka la dawa, panda ngazi za chuma, wodi iko mwisho wa korido, kitanda cha dirishani. Daktari anapita saa sita."

Alimwachia Kunguru mtu mwingine wa kumwelekeza, jambo ambalo Kunguru hakulipenda, akaenda na kizibao chake mwilini.

Wodi ilikuwa na harufu ya dawa ya sakafu na ya mguu wa kaka yake. Kwenye kitanda cha jirani mtu alikuwa akimenya chungwa kwa utulivu mkubwa. Shemeji alikuwa amesimama dirishani akikunja taulo. Daktari alivaa miwani yake, akamweleza mgonjwa yote upya, pole pole, kama ipasavyo, kisha akamtazama Mikono.

"Kaka," Mikono akasema, "wanataka kuukata mguu. Umesikia. Usipokatwa utakufa. Wakate?"

Kaka alimtazama kwa muda. Mkono wa kushoto ukatoka chini ya shuka, ukanyooka, kiganja kikaangalia chini, ukaenda upande mmoja na kurudi, upande mmoja na kurudi. Asiyejua angedhani anapangusa makombo.

Hiyo ni simama. Katika kazi yao ishara zote hutolewa na mtu mmoja, wengine wanyamaze, lakini hiyo haina mwenyewe. Simama inaweza kutolewa na mfagiaji, na mpishi, na mgeni aliyepotea njia, na ikishatolewa kreni inasimama. Hakuna kuuliza kwa nini. Utauliza baadaye, mzigo ukiwa umetulia.

Mikono akauliza tena. Mkono ukarudia vilevile, safari hii kwa kukaza.

"Amesemaje?" daktari akauliza.

Hapo ndipo ganzi ilipomwanzia Mikono, kwenye ncha za vidole, kama mtu aliyelalia mkono. Aliiona barabara iliyonyooka, ambayo ni kusema alichokiona, na mwishoni mwake aliliona kaburi la kaka yake. Hakupima, hakuomba, hakushauriana na moyo.

"Amekubali," akasema. "Amesema mguu ukatwe."

Kaka akafumbua macho makubwa. Akaukusanya ule upande wa mdomo uliobaki, akatoa sauti yake yote.

"Haya," akasema. "Haya. Haya. Haya."

"Vizuri, mzee wangu," daktari akasema, akamgusa bega. "Nimekusikia."

Dirishani shemeji alimaliza kukunja taulo, akaiweka juu ya kabati, akachukua nyingine.

Mguu ukakatwa na kaka akapona. Wauguzi walimwelekeza shemeji namna ya kuosha kisiki na kukifunga, namna ya kumgeuza mgonjwa asipate vidonda vya mgongo, namna ya kumtoa kitandani kumweka kwenye kiti cha magurudumu bila kujivunja kiuno. Alielekezwa mara moja, akaweza. Nyumbani wakaondoa kizingiti cha sebuleni ili kiti kipite, jirani fundi akaja kuweka ubao wa kuteremkia uani, na maisha yakashika njia yake. Daktari alisema wamewahi. Watu waliokuja kumpa pole walimsifu Mikono, kwamba bila yeye mambo yangeharibika.

Lakini kaka hakusema naye tena. Mikono akiingia, mkono wa kushoto ulirudi chini ya blanketi. Hapakuwa na ugomvi. Alilishwa mbele yake, alinyolewa mbele yake, aliangalia mpira kwenye televisheni mbele yake, na mkono ulikaa chini ya blanketi mpaka mgeni aondoke. Kwa mkewe ulitoka. Kwa jirani fundi ulitoka. Kuna siku Mikono alisimama nje ya dirisha akaona mkono ule ukimwelekeza muuza magazeti mahali pa kuweka gazeti, kulia, kulia kidogo, hapo. Alipobisha hodi na kuingia, ukatoweka.

Akaendelea kuja. Hakujua namna ya kuacha kuja. Alikaa kwenye kiti cha pembeni, akaeleza habari za saiti kwa mdomo, mambo ya Kunguru na injinia, akaaga. Chakula alichopewa alikila chote bila kujua ni nini. Kazini alipandisha na kushusha kama kawaida na hakuna kilichoanguka, ila Kunguru alishuka siku moja wakati wa mapumziko akamkalia karibu.

"Mikono yako siku hizi haina chumvi," alimwambia. "Inasema, lakini inasema kama mtu anayesoma tangazo la mwenzake. Unaumwa?"

"Siumwi."

"Mkeo?"

"Yuko sawa. Sote tuko sawa."

Na kweli, hakuumwa popote, hilo ndilo lililomshangaza. Alijipapasa ndani akitafuta majuto, akakuta hayapo. Akatafuta furaha, maana ndugu yake yu hai na anakula, akakuta nayo haipo. Alichokuwa nacho ni ganzi, na ganzi ukiizoea inakaa kama mpangaji asiye na kelele. Wakati mwingine, akimsubiri Kunguru apande kibandani, alijiuliza siku ile alifanya kitu gani hasa. Kuelekeza, jinsi alivyofundishwa, ni kuona kwa niaba ya mtu asiyeona na kumwambia ulichokiona. Kumwelekeza mtu mahali pasipokuwapo, makusudi, ilikuwa kazi nyingine, na hiyo hakufundishwa na mtu.

Mwishowe akaamua kumwambia shemeji. Si kwa ushujaa. Alitaka mtu amkasirikie, ili ajue kama bado anaweza kuhisi kitu.

Alimkuta jikoni, amekaa kwenye kigoda, ungo wa mchele magotini, anatoa mawe na kuyatupa kwenye kopo. Kaka alikuwa sebuleni na televisheni yake. Mikono akavuta ndoo tupu, akaigeuza, akaikalia.

"Shemeji, siku ile hospitali, kaka hakusema wamkate."

Shemeji hakuinua kichwa. Jiwe likalia kwenye kopo.

"Alisema nini?"

"Alisema…"

Hakumaliza. Shemeji alikuwa ameunyoosha mkono wake juu ya mchele, kiganja chini, anaupeleka upande mmoja na kuurudisha, upande mmoja na kuurudisha, bila kosa lolote.

"Hivi," akasema.

Mikono akautazama mkono ule mpaka ulipoacha.

"Si ulisema mkono wake huuelewi?"

"Shemeji, mimi nilikuwa nauza chai pale kwao saiti kabla wewe hujaota ndevu. Huyo mwanaume siku ya kwanza kuniona alinisimamisha kwa mkono huu huu. Nilikuwa nakatiza chini ya mzigo na birika langu, nina haraka zangu. Nikamtukana mbele za watu. Kesho yake akaja kunywa chai, akakaa mpaka msimamizi akamfuata." Akatoa jiwe jingine. "Nimeishi na mikono hiyo umri wangu wote. Akikasirika ananishusha, akipenda ananipandisha. Nitaachaje kuielewa? Siku zile za kwanza alikuwa hajauinua mkono; alipokuinulia wewe nikaona ulivyofurahi, nikakuachia."

Mikono alilijua birika lile. Alikuwa amekunywa chai yake utotoni. Hakuwahi kufikiri kwamba mwenye birika naye alikuwa na macho.

"Kwa hiyo wodini uliona."

"Niliona kabla yako. Nilimuuliza mwenyewe asubuhi, daktari hajapita. Akanijibu. Nikamuuliza mara nyingi, akanijibu vilevile. Ndipo nikatoka nje nikakupigia simu."

"Kuniitia nini, kama ulishajibiwa?"

Shemeji akaacha mchele. Sauti yake haikupanda wala haikuwa na ukali.

"Nilijua utasema uongo," akasema. "Wewe humuachi afe, amekulea. Na mimi nilimtaka mume wangu."

"Ungesema mwenyewe."

"Ningesema mimi, leo mkono ningefichwa mimi. Nani anamgeuza? Nani anamwosha, anamlisha, analala ubavuni kwake? Ningeishije humo chumbani na mtu asiyesema na mimi? Wewe una kwako, shemeji. Ukitoka hapa unakwenda kulala kwako."

Mikono akaitafuta hasira, kwa kuwa hapa ndipo mahali pake, lakini haikuja.

"Ulinielekeza," akasema taratibu.

"Nilikuelekeza wodi ilipo. Mengine ulisema mwenyewe, na nakushukuru. Sikukushukuru siku zote hizi, na ni vibaya."

Sebuleni kijiko kikagonga mkono wa kiti cha magurudumu. Ndivyo kaka alivyomwita mkewe. Shemeji akajipangusa viganja kwenye gauni, akamwekea Mikono ungo magotini bila kumuuliza, akaenda. Mikono akamsikia akiinama, kiti kikilia, na sauti yake ikibadilika, nyepesi, ya mtu anayetaniana na mwenzake.

"Hapo? Juu kidogo? Wewe nawe hutosheki. Haya, nimekuona, nimekuona."

Akacheka, na kaka naye akatoa sauti iliyokaribia kicheko. Mikono aliinamia mchele akatoa mawe yaliyobaki. Alipoyamaliza akaanza upya, punje kwa punje, kwenye mchele ambao ulikuwa safi, kwa sababu nyumba ile ilikuwa na mlango mmoja na njia ya kutokea ilipita sebuleni.